Penye Nyayo Pana Njia: John Clare na Matembezi ya Shamba Uingereza

Mtu atakaye kutembea shamba huko Uingereza siku ya Jumapili hahitaji vitu vingi. Viatu madhubuti, koti la mvua, chupa ya chai na ramani humtosha. Ataingia katika bustani ya kasri la kale, apite chini ya mialoni, atokee msituni, afuate ukingo wa mto mpaka kijiji cha pili, na jioni arudi mjini kwa gari moshi. Penye ua atakuta vidato vya kuvukia. Penye njia panda atakuta kibao chenye mshale. Hamwombi mtu ruhusa, wala hakuna amwulizaye aendako. England na Wales zina njia za namna hii zipatazo maili 140,000, na nyingi miongoni mwao hupita katikati ya mashamba ya watu binafsi.

Mgeni azionapo hudhani zimekuwapo tangu na tangu, kama vile mito na vilima. Sivyo. Nyingi zimegombewa mahakamani na Bungeni, na wako waliokwenda jela kwa kudai haki ya kupita. Na kabla ya wanasheria kuzitetea, alikuwapo malenga mmoja, mtoto wa kibarua, aliyeziona zikifungwa moja moja mbele ya macho yake, akazitungia mashairi ambayo wachache wa zama zake walitaka kuyasikia. Jina lake ni John Clare. Maisha yake yalipita bustanini, msituni na karibu na ukingo wa mto, mahali pa namna ileile wanapopita watembezi wa leo.

Clare alizaliwa tarehe 13 Julai 1793 katika kijiji cha Helpston, baina ya miji ya Peterborough na Stamford, upande wa mashariki wa England. Baba yake, Parker Clare, alikuwa kibarua wa kupura nafaka, naye alikuwa na hazina kubwa ya nyimbo za kale. Mama yake hakujua kusoma. John mwenyewe alisoma skuli kwa vipindi tu, kazi za shamba ziliporuhusu, na alipofikia miaka 12 hivi skuli ilikuwa imekwisha. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na vipande vya karatasi alivyovipata.

Katika kumbukumbu za maisha yake ameeleza jinsi siku moja, angali mdogo, alivyotazama ukingo wa mbingu ulivyoinama juu ya nyika iliyo kusini ya kijiji. Akadhani kwamba mwisho wa dunia u karibu, mwendo wa kutwa moja, na kwamba akifika ataweza kuchungulia chini na kuziona siri zake. Akaondoka peke yake bila ya kumuaga mtu. Akakata vichaka, akaenda mpaka akafika mahali ambapo kila kitu kilikuwa kigeni kwake, hata jua lenyewe likaonekana limehama upande. Aliporudi jioni aliwakuta wazazi wake wamefadhaika na nusu ya kijiji kinamtafuta. Sehemu ya nyika ile leo ni hifadhi ya taifa iitwayo Castor Hanglands, na watoto huletwa kutembezwa na walimu wao.

Alipokuwa na umri wa miaka 13 alionyeshwa kitabu cha mshairi James Thomson kiitwacho *The Seasons*, yaani Majira. Akakusanya shilingi moja na peni sita, akaenda kwa miguu mpaka Stamford kukinunua. Wakati wa kurudi hakuweza kungoja mpaka nyumbani. Lakini ilikuwa siku ya kazi, na mtoto wa kibarua kuonekana njiani akisoma kitabu lilikuwa jambo la aibu. Basi akaparamia ukuta wa bustani ya kasri la Burghley, akarukia ndani, akaketi majanini akasoma. Alipoinuka kushika njia ya kwao, vina vilikuwa vinamjia. Shairi la kwanza alilolitia katika karatasi alilipa jina la “Matembezi ya Asubuhi”. Hivyo ndivyo ushairi wake ulivyoanza: kwa miguu, na kwa kuvuka ukuta wa bwana mkubwa.

Ili kuyaelewa yaliyomfika baadaye, yafaa kujua jinsi ardhi ya Helpston ilivyokuwa utotoni mwake. Kijiji kilikuwa katikati. Kukizunguka palikuwa na makonde makubwa yasiyo na ua, kila moja limegawika vipande virefu vyembamba vya wakulima mbalimbali. Nje ya makonde palikuwa na malisho, nyika na misitu. Ardhi ilikuwa na wenyewe, lakini maskini naye alikuwa na haki zake za mila: kulisha ng’ombe mmoja au bata bukini wachache, kuokota kuni, kuokota masazo ya mavuno. Njia za miguu zilitoka kijijini kila upande, zikapinda kufuata kisima, mti au kivuko, kwa kuwa zilichorwa na nyayo za wapitao.

Mwaka 1809 Bunge lilipitisha sheria ya kuzungushia ua ardhi za Helpston na vijiji jirani. Wapimaji wakaja na minyororo yao. Vipande vikaunganishwa na kugawanywa upya. Kila mwenye hati akapewa fungu lake mahali pamoja, na fungu hilo likazungushiwa ua wa miti ya miiba. Barabara mpya zikanyooshwa kwa rula, vijito vikageuzwa njia, miti mikongwe ikaangushwa. Kazi ilichukua miaka mingi, na hati ya mwisho ilitolewa mwaka 1820. Wala Helpston haikuwa peke yake. Baina ya mwaka 1604 na 1914 zilipitishwa sheria za namna hiyo zaidi ya 5,200, zilizogusa ekari zipatazo milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya moja ya tano ya ardhi yote ya England.

Waliozitetea sheria hizo walikuwa na hoja. Nchi ilikuwa vitani na Napoleon, bei ya ngano ilikuwa juu, na shamba lililokusanywa pamoja lilikuwa rahisi kulitunza na kulirutubisha. Wanahistoria wangali wanabishana ni kiasi gani mavuno yaliongezeka na ni nani aliyefaidika. Clare hakubishana juu ya magunia. Alichokiona ni ng’ombe wa maskini kukosa malisho, na njia aliyoipita tangu utoto kuwekewa kibao cha kumkataza. Lililo chungu zaidi, ufukara ulimlazimisha yeye mwenyewe kufanya vibarua vya kupanda nyua zilezile.

Katika shairi lake liitwalo “The Mores” ameusawiri uwanda mpana uliokuwa huru, kisha ukakatwa vipande vidogo kwa nyua, na ndege wakabaki kuwa viumbe pekee wasiozuiliwa. Katika jingine, “The Lament of Swordy Well”, asemaye si mshairi. Ni ardhi yenyewe inayolalamika, kama maskini aliyeangukia sadaka ya mtaa, ikieleza jinsi ilivyochimbwa na kuvuliwa nguo. Na iko sonneti yake fupi juu ya mtu apitaye pasipo njia, ambaye kila hatua anahisi kuna jicho linamtazama na sauti itakayomfukuza. Mtembezi wa leo hawezi kuisoma sonneti hiyo bila ya kuona kwamba hofu aliyokuwa nayo Clare ilikuwa hofu ya kweli. Yeye alizoea kutunga akitembea, karatasi juu ya kofia, na mara nyingi walinzi walimdhania mwizi wa wanyama wa bwana.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka London mwaka 1820, kwa mchapishaji John Taylor, aliyekuwa pia mchapishaji wa Keats. Katika muda wa mwaka mmoja hivi kilichapwa mara nne. Mabwana na mabibi wakamwita “malenga mkulima”, wakafunga safari kwenda Helpston kumtazama. Lakini mfadhili wake mmoja, Lord Radstock, alizichukia beti zilizolaani utajiri, akataka ziondolewe; na katika matoleo yaliyofuata baadhi zikaondolewa. Wahariri wakayasafisha pia maneno ya lahaja ya kwao, wakaweka nukta na mkato pale ambapo yeye hakuweka. Walimtaka ayasifu maua na anyamaze juu ya ua.

Zama hizohizo kutembea shambani kulikuwa kumeingia heshima miongoni mwa watu wenye nafasi. William Wordsworth, huko kaskazini penye maziwa, alikuwa bingwa wao. Thomas De Quincey alikisia kuwa miguu ya Wordsworth ilikuwa imekwenda maili baina ya 175,000 na 180,000. Hata hivyo, mwaka 1844 ilipopangwa njia ya reli ya kuwafikisha watu karibu na ziwa Windermere, Wordsworth aliipinga hadharani, akihofu kwamba watu wa viwandani wangemiminika kwa makundi katika mandhari wasiyofunzwa kuipenda. Hapo ndipo palipo tofauti ya malenga hao wawili. Mmoja alitembea kwa kuwa ana wasaa. Mwingine alitembea kwa kuwa ndiyo njia ya kazini, ya kisimani na ya kumtazama mchumba, na ushairi aliuokota humohumo.

Sheria nayo ilikuwa upande wa wakubwa. Tangu mwaka 1815 mahakimu wawili waliweza kuifunga njia yoyote ya miguu waliyoiona haina haja, na mara nyingi hakimu alikuwa jirani na rafiki wa mwenye shamba. Watu wa mijini ndio waliokuwa wa kwanza kujikusanya kupinga: huko York mwaka 1824 na huko Manchester mwaka 1826 viliundwa vyama vya kuzilinda njia za kale. Wakati huo Clare alikuwa Helpston, na njia zake zilikuwa zimekwisha kufungwa kisheria.

Mwaka 1832 rafiki na wafadhili walimpatia nyumba bora zaidi huko Northborough, upande wa mto Welland, maili 3 tu kutoka Helpston. Kwa mtu mwingine huo ni mwendo wa saa moja. Kwa Clare ulikuwa uhamisho. Alikuwa akilijua kila shina na kila kiota cha kijiji chake, na sasa alikuwa kiwandani pa wageni. Akili yake, iliyokuwa imeelemewa na deni, watoto wengi na kusahauliwa na wasomaji, ilianza kuyumba. Mwaka 1837 akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dk. Matthew Allen huko High Beach, ndani ya msitu wa Epping, kaskazini mashariki ya London. Alitendewa kwa upole, akaruhusiwa kutembea msituni. Lakini msitu ule haukuwa wa kwao.

Tarehe 20 Julai 1841 aliondoka kurudi nyumbani. Siku chache kabla alikuwa amekutana na Wagipsi waliokubali kumsaidia kutoroka. Aliporudi kuwatafuta akakuta wamehama, wameacha kofia kuukuu, akaichukua. Hakuwa na pesa wala ramani. Usiku wa kwanza alilala katika kibanda penye matita ya majani makavu, akaelekeza kichwa chake kaskazini ili asubuhi ajue upande wa kwenda. Kiatu kimoja kilikaribia kuachana na soli yake. Siku ya tatu aliona njaa kali, akala majani ya kando ya barabara. Karibu na Peterborough watu wa Helpston waliopita na gari la farasi walimtambua, wakamrushia peni tano, akanunua mkate na jibini. Kwa siku nne alikwenda maili zipatazo 80.

Alikuwa akimwendea Mary Joyce, kipenzi cha ujana wake, aliyeamini kuwa ni mkewe. Mary alikuwa amekufa miaka mitatu kabla yake kwa ajali ya moto. Clare aliambiwa hayo, hakuyasadiki. Mkewe wa haki, Patty, alikuja kumpokea njiani, naye hakumtambua mpaka alipoambiwa. Alipofika nyumbani aliandika maelezo ya safari ile na kuyaelekeza kwa Mary. Maelezo hayo, yasiyo na pambo wala kujihurumia, yamehesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi makubwa ya mwendo wa miguu katika lugha ya Kiingereza. Miezi mitano baadaye alichukuliwa tena, akapelekwa katika hospitali ya Northampton. Humo aliishi zaidi ya miaka 22, akiandika, na kwa muda mrefu akiruhusiwa kwenda mjini kuketi katika ukumbi wa mbele wa kanisa. Alikufa tarehe 20 Mei 1864, akazikwa Helpston.

Msitu alioutoroka Clare ukaja kuwa uwanja wa ugomvi mwingine, na safari hii wenye ua walishindwa. Huko Loughton, kando ya Epping, mwenye eneo alizungushia ua sehemu kubwa ya msitu, akawazuia wanakijiji wasikate matawi ya kuni kama ilivyokuwa mila yao. Mzee Thomas Willingale na jamaa zake wakaendelea kukata; mwanawe na wenzake wawili wakafungwa jela. Chama cha kulinda ardhi za wote, kilichoundwa London mwaka 1865, kikaichukua kesi yake. Willingale alifariki mwaka 1870 kabla ya hukumu. Ndipo Baraza la Jiji la London, lililokuwa na shamba la makaburi pembezoni mwa msitu na kwa hivyo na haki ya malisho humo, likaingia mahakamani. Mwaka 1874 jaji Sir George Jessel aliamua kuwa nyua zile ni batili. Sheria ya mwaka 1878 ikauweka msitu wazi kwa ajili ya watu wote, na mwezi Mei 1882 Malkia Victoria akaja kuukabidhi. Mtu atembeaye Epping leo anatembea juu ya hukumu hiyo.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana wapatao 400, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya Manchester, walipanda kilima cha Kinder Scout kilichofungwa kwa ajili ya uwindaji wa mabwana. Watano walihukumiwa kifungo, cha miezi baina ya 2 na 6. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na umri wa miaka 20 tu. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kwamba njia iliyotumiwa na watu waziwazi kwa miaka 20 bila ya kuzuiliwa ihesabiwe kuwa ni ya umma. Sheria ya mwaka 1949 ikaamuru njia zote ziingizwe katika ramani rasmi na ikaweka msingi wa hifadhi za taifa; ya kwanza, Peak District, iliyo na Kinder Scout ndani yake, ilitangazwa mwaka 1951. Sheria ya mwaka 2000 ikaifungua milima, nyika na ardhi za wote kwa atembeaye kwa miguu, na kufikia mwaka 2005 haki hiyo ilikuwa imeenea England nzima. Kingo za mito hazikupata bahati hiyo. Mto Thames una njia ya umma ya maili 184, iliyofunguliwa mwaka 1996, lakini mito mingi midogo mtu huweza kuiona tu kwa mbali.

Wala ugomvi haujesha. Sheria ileile ya mwaka 2000 ilitaka njia za kale zisizomo katika ramani zisajiliwe kabla ya mwaka 2026, la sivyo zifutike. Wapenda njia wakajitolea kupekua hati na ramani za zamani wakishindana na saa. Mwaka 2023 ukomo ukasogezwa hadi mwaka 2031, na mwishoni mwa mwaka 2024 serikali ikatangaza kuwa itaufuta kabisa.

Yako mambo Helpston ambayo yangemfurahisha Clare. Nyumba aliyozaliwa ilinunuliwa na wakfu wenye jina lake mwaka 2005, nayo hupokea wageni. Swordy Well, ardhi iliyolalamika kwa ulimi wake, baada ya kuchimbwa mawe na kujazwa taka imekuwa hifadhi ya ndege na maua, inayotunzwa na watu wa vijiji vya jirani. Bustani ya Burghley, ambayo aliingia kwa kuparamia ukuta, siku hizi huingiwa kwa lango, na atembeaye haulizwi kitu. Mashairi yake yaliyozidi 3,000, mengi yao hayakuchapwa alipokuwa hai, yamekusanywa na chuo kikuu cha Oxford katika juzuu tisa baina ya mwaka 1984 na 2003, yakiwa na maneno yake ya lahaja na bila ya nukta alizoongezewa.

Liko hata hivyo jambo ambalo hakuna Bunge liliwezalo kulirudisha. Kanuni ya kale ya Kiingereza yasema kwamba njia ikishakuwa njia haifi kwa kuachwa kupitwa. Lakini njia za Helpston hazikuachwa. Zilifutwa kwa sheria, na ramani ya mwaka 1820 haizionyeshi. Kisima kilipokuwa, mti ambao watoto walipumzikia, mahali pa kuvukia kijito, pale njia ilipopinda na kwa nini, hayo yameandikwa mahali pamoja tu, katika beti za mtu aliyeyapita kila siku kwa miguu yake. Mtembezi wa leo akifika hapo na ramani mkononi ataiona barabara iliyonyooka. Akitaka kuijua njia iliyokuwapo, itambidi afungue kitabu cha Clare.